Ndoa ya Abbasa na Jaafar: Kati ya Riwaya, Tarehe na Sheria

Ni wachache miongoni mwa wasomaji wetu wasiomjua Khalifa Harun ar-Rashid na waziri wake Jaafar. Wengi wamewajua kupitia Alfu Lela Ulela, humo wanamoonekana wakizunguka Baghdad usiku wamejibadilisha mavazi. Lakini kipo kisa kingine chao, kizito zaidi, ambacho kimeenea kwa njia ya riwaya hadi kikachukuliwa na watu kuwa ni tarehe isiyo na shaka. Kisa hicho ni kwamba Khalifa alimuoza Jaafar dada yake, Abbasa bint al-Mahdi, kwa sharti kwamba wasikutane kama wanavyokutana mume na mke. Kwamba sharti lilivunjwa, akazaliwa mtoto kwa siri. Na kwamba hiyo ndiyo sababu ya Jaafar kuuawa na aila yote ya Barmaki kuangamizwa.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja: je, haya yalitokea kweli? Na kama yalitokea, ni nani kati yao aliyekosa mbele ya sheria? Haya ni maswali mawili tofauti, la kwanza ni la tarehe na la pili ni la fiqhi, na makosa mengi katika kisa hiki yanatokana na watu kuyachanganya. Katika makala haya tutayatazama moja baada ya jingine, tukianza na riwaya yenyewe, kwani ndiyo iliyokifikisha kisa kwa watu wa zama zetu.

Riwaya na mwandishi wake

Riwaya tunayoikusudia inaitwa "al-Abbasa Ukht ar-Rashid", yaani Abbasa dada yake Rashid, iliyotoka Cairo mwaka 1906. Mwandishi wake ni Jurji Zaydan, Mkristo wa madhehebu ya Kiothodoksi aliyezaliwa Beirut mwaka 1861 na kufariki Cairo mwaka 1914. Yeye ndiye aliyeanzisha jarida la al-Hilal mwaka 1892, na ndani ya jarida hilo alikuwa akitoa riwaya zake za tarehe ya Kiislamu sehemu kwa sehemu. Aliandika zaidi ya ishirini. Njia yake ilikuwa kuchukua tukio kubwa la kweli, kama vile kufunguliwa kwa Misri au kuuawa kwa Uthman (r.a.), kisha kulisuka pamoja na mapenzi ya kijana na binti. Chini ya kurasa zake aliweka majina ya vitabu alivyonukuu, na alidai kuwa kwake yeye tarehe ndiyo inayoitawala riwaya, si kinyume chake kama wafanyavyo waandishi wa Ulaya.

Dai hilo halikukubaliwa na wote. Mwanachuoni wa Bara Hindi, Shibli Nu'mani, alikitungia kitabu cha Zaydan juu ya ustaarabu wa Kiislamu majibu makali. Na mwaka 1910, Chuo Kikuu cha Misri kilipotaka Zaydan asomeshe tarehe ya Kiislamu, yalizuka malalamiko hata jambo hilo likafutwa.

Wapo basi wanaosema kwamba kisa cha Abbasa ni uzushi wa Mkristo huyu aliyetaka kuwachafua makhalifa wa Kiislamu. Sisi hatuwezi kusema hivyo, maana uadilifu unatulazimu kusema lililo kweli hata kwa tusiyekubaliana naye. Kisa hiki kimeandikwa na Waislamu wenyewe, tena wakubwa wao katika fani ya tarehe, miaka elfu moja kabla Zaydan hajashika kalamu. Alichofanya yeye ni kukipamba. Katika riwaya yake Abbasa na Jaafar wana watoto wawili wa kiume waliofichwa. Mshairi Abu al-Atahiya anaigundua siri yao. Maadui wa Jaafar, akiwemo al-Fadhl bin ar-Rabi, wanaitumia. Na mwisho ni upanga kwa wote. Msomaji anamlilia Abbasa, na ni haki yake kulia, kwani Zaydan alikuwa fundi wa kazi yake. Lakini machozi ya msomaji si ushahidi wa jambo lililopita.

Ama hukumu ya kutunga visa, wanavyuoni hawakuona tatizo katika hekaya ambazo kila mtu anajua kuwa ni hekaya. Maqamat ya al-Hariri yalisomwa na kusherehewa na watu wa elimu karne nyingi, wala hakuna aliyedhani kuwa Abu Zayd wa as-Saruj ni mtu wa kutafutiwa kaburi. Jambo linakuwa zito pale hekaya inapovishwa jina la mtu wa kweli, tena mwanamke mwenye heshima yake, na likawa linahusu tupu yake.

Kisa kilivyopokelewa

Tuje sasa kwenye vitabu vya tarehe. Lililo thabiti ni hili: mwanzoni mwa Safar mwaka 187 Hijria (mwishoni mwa Januari 803), Harun akiwa karibu na mji wa Anbar, akirejea kutoka Hija, alimtuma mtumishi wake Masrur amkate Jaafar bin Yahya kichwa. Kiwiliwili kilipelekwa Baghdad kikatundikwa kwenye madaraja yake. Baba yake, Yahya bin Khalid, na ndugu yake, al-Fadhl, walifungwa na mali zao zikachukuliwa. Yahya alifia kifungoni mwaka 190, na al-Fadhl mwaka 193, muda mfupi kabla ya Harun mwenyewe kufariki. Hivyo ndivyo ilivyokatika nguvu ya aila iliyoendesha dola kwa miaka kumi na saba. Haya hayana mvutano.

Mvutano uko kwenye sababu. Imam at-Tabari, katika matukio ya mwaka huo, hakutaja sababu moja bali ametaja kadhaa. Miongoni mwake ni kwamba Harun alimkabidhi Jaafar mfungwa mkubwa, Yahya bin Abdillah, mjukuu wa Hasan bin Ali (r.a.) katika kizazi chake, naye Jaafar akamwachia huru bila idhini. Mmoja wa wapokezi wa habari hii alishikilia kuwa hiyo ndiyo sababu wala asisadikiwe mwenye kutaja nyingine. Kisha ndipo kinapokuja kisa cha Abbasa: kwamba Harun hakuweza kustahimili kukaa bila Jaafar wala bila dada yake, akawaoza ili kutazamana kwao katika majlisi kuwe halali, akamkataza Jaafar kumgusa, kwamba Khalifa alikuwa akinyanyuka akiwaacha wawili, akazaliwa mtoto wa kiume aliyepelekwa Makka pamoja na walezi, na kwamba siri ilitolewa na kijakazi aliyegombana na bibi yake.

Tazama namna alivyokipokea. At-Tabari amekichukua kutoka kwa Ahmad bin Zuhayr, kisha anasema kuwa anadhani yeye amekitoa kwa ami yake, Zahir bin Harb. Neno "nadhani" limo ndani ya mlolongo wenyewe. Na hata tukiiacha dhana hiyo, mlolongo unakomea kwa mtu ambaye hakuwa ndani ya kasri, wala hatujui nani aliyemweleza yaliyopita baina ya watu watatu nyuma ya pazia. At-Tabari mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi wa kitabu chake kwamba yeye ananakili kama alivyofikishiwa, na dhamana ni ya aliyemfikishia. Kwa hiyo anayesema "at-Tabari amethibitisha" amemsemea asilolisema.

Kisha linganisha na al-Masudi katika "Muruj adh-Dhahab". Kwake kisa kimenenepa. Jaafar hamwendei Abbasa, bali ni Abbasa anayemtaka Jaafar, akimtumia mama yake Jaafar mpaka aingizwe kwake kwa sura ya kijakazi asiyejulikana. Na mtoa siri si kijakazi tena, ni Zubayda, mke wa Khalifa. Katika kitabu kimoja mwanamume ndiye mkosa, katika kingine mwanamke ndiye mwenye hila. Wajuzi wa mapokezi wanaifahamu vyema dalili hii, ya habari kugeuka viungo vyake vikuu kila inapopita mkono mwingine.

Zaidi ya hayo, tunauliza: mashahidi wa ndoa hiyo ni akina nani? Mahari yalikuwa kiasi gani? Iliandikwa mwaka gani? Hakuna jibu. Wakati huo huo tunajua kwa urefu ndoa nyinginezo za kupangwa za nyumba hiyo hiyo. Al-Mamun, mwana wa Harun, alioa Buran bint al-Hasan bin Sahl kwa aqdi ya mwaka 202, binti akiwa bado mdogo, na ndoa hiyo ilikuwa ya siasa tupu, kwani al-Fadhl bin Sahl, ami yake bibi harusi, aliuawa mwaka huo huo akiwa waziri. Harusi ilifanyika Ramadhani 210, na wanatarehe wametueleza hata vijikaratasi vyenye majina ya mashamba alivyorusha baba yake, kila aliyeokota kimoja akamiliki shamba lililoandikwa humo. Posa ya watukufu haikuwa jambo la kufichika. Lilikuwa jambo la dola.

Hoja za Ibn Khaldun

Mtu mashuhuri zaidi aliyekikanusha kisa hiki ni Ibn Khaldun (aliyefariki 808 Hijria, yaani 1406) katika Muqaddima yake. Hoja zake ni mbili, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya nasaba. Anasema binti wa makhalifa, wa kizazi cha Abbas ami yake Mtume (s.a.w.), aliye karibu na zama za ubedui na dini safi, hawezi kujishusha kwa mtu wa mawali, yaani wale wasio Waarabu walioungana na kabila la Kiarabu kwa njia ya kuachwa huru au ya kusilimu, na kwamba Harun naye asingekubali ukwe huo. Pamoja na heshima yetu kwake, hoja hii hatuioni kuwa na nguvu. Mtume (s.a.w.) alimuoza Zaynab bint Jahsh, mtoto wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Na alimshauri Fatima bint Qays, Mkureshi, aolewe na Usama bin Zayd, naye akaolewa na akaona kheri. Ikiwa lilifanyika katika nyumba iliyo bora kuliko ya Bani Abbas, haliwezi kuwa muhali katika nyumba yao. Usafi wa mtu, tena, haupimwi kwa nasaba.

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, nayo ni ya dola. Barmaki walikuwa wameishika mikononi hazina na jeshi. Ibn Khaldun ananakili kuwa katika kasri walikuwepo viongozi ishirini na tano wa kizazi cha Yahya bin Khalid, wa upanga na wa kalamu, na kwamba Khalifa alikuwa akitaka mali kidogo asiipate. Tuongeze hapa jambo la mwaka uliotangulia. Katika Hija ya 186 Harun aliwaandikia wanawe al-Amin na al-Mamun mkataba wa kurithiana ukhalifa, ukatundikwa ndani ya Al-Kaaba. Jaafar ndiye aliyekuwa mlezi wa al-Mamun, na al-Amin alikuwa na watu wake, akiwemo yule al-Fadhl bin ar-Rabi. Mtawala anayeogopa yatakayotokea baada yake ana sababu ya kutosha ya kumwogopa waziri kama huyo. Hahitaji kisa cha kitandani.

Walii na sharti lake

Tuseme sasa, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba ndoa ilifungwa kama inavyosimuliwa. Sheria inasemaje? Hapa ndipo tunapoona upungufu wa wasimulizi wote, wa kale na wa riwaya. Wote wamelichukua sharti la Harun kana kwamba ni amri inayofunga, kisha wakabishana tu juu ya nani aliyeivunja.

Tuanze na posa. Harun alikuwa kaka, hakuwa baba. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, uwezo wa kumuoza bikira bila kumtaka idhini ni wa baba na babu peke yao, nao kwa masharti yake: asiwepo uadui kati yao, mume awe kufu, awe na uwezo wa mahari. Kaka hana uwezo huo hata siku moja. Ama aliyekwisha kuolewa akaingiwa, huyo haozwi na yeyote, hata baba, mpaka atamke mwenyewe kuwa ameridhia. Ndiyo maana Khansa bint Khidham, alipoozwa na baba yake hali hataki naye ni mjane, alimwendea Mtume (s.a.w.) akaitengua ndoa ile, kama alivyopokea al-Bukhari. Na Abbasa, kama tutakavyoona, alikuwa mjane. Katika kisa chote hatusikii kuwa aliulizwa. Wengi hulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye mapenzi, ilhali hapa pekee pangetosha kumsimamisha kadhi.

Kisha sharti lenyewe. Mtume (s.a.w.) amefundisha katika hadithi ya Barira kuwa kila sharti lisilokuwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Wanavyuoni wakatofautiana, likiwekwa sharti linalopingana na lengo lenyewe la ndoa, je, linaanguka peke yake au linaanguka pamoja na ndoa? Kwa Mahanafi, sharti hubatilika na ndoa ikabaki. Mahanbali wamesema kama hivyo. Kwa Mashafi, sharti la kutoingiliwa likiwekwa na upande wa mke ndani ya aqdi, ndoa yenyewe hubatilika. Ama akiliweka mume, ndoa inasihi, kwa kuwa jambo hilo ni haki yake na anaweza kuiacha. Na kama maneno yalisemwa kabla ya aqdi wala hayakutajwa ndani yake, hayana athari.

Lipime basi neno la Harun kwa mizani hizi. Alikuwa upande wa mke. Tukifuata kauli ya kwanza, ndoa ilisihi na sharti likaanguka, na Jaafar kumwendea Abbasa ni mume kumwendea mkewe, hakuna wa kumlaumu. Tukifuata kauli ya pili na sharti likawa ndani ya aqdi, basi ndoa ni batili, na hata ule mtazamano wa majlisini aliotaka Khalifa uwe halali unabaki kuwa haramu kama ulivyokuwa. Hakuna kauli inayompa alichokitaka, yaani ndoa inayohalalisha jicho na kuharamisha yaliyobaki. Sheria haikuigawa ndoa vipande.

Na wala hakukuwa na uhaba wa wa kumwambia. Kadhi Mkuu wa Harun alikuwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182. Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, aliyewahi kuwa kadhi wa Raqqa, alikuwa hai mpaka 189. Fiqhi ya dola ilikuwa ya Kihanafi, ambayo kwayo ndoa hiyo, aliyeozwa akiwa ameridhia, ni sahihi na sharti lake ni upepo.

Kuhusu mtoto, jambo liko wazi zaidi. Katika ndoa sahihi ni wa baba yake bila maneno. Katika ndoa iliyobatilika nao wakiitakidi kuwa ni sahihi, hiyo ni shubha. Mtoto huungwa na baba yake na adhabu ya zinaa haipo. Kwa njia zote mbili hakuna damu iliyohalalika. Harun hawezi kushika kufu pia, akisema kwamba Jaafar hakuwa wa daraja ya Bani Hashim. Kufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake, na walii aliyemuoza kwa mkono wake ameiacha haki hiyo. Hairudii kuidai baada ya mtoto kuzaliwa.

Kwa hiyo anayekisimulia kisa hiki akasema kuwa Abbasa "alizini na waziri", kama tulivyowahi kusikia katika vikao, amekosea hata kwa mujibu wa kisa chenyewe, ambacho kimeitaja ndoa. Na kumsingizia zinaa mwanamke aliyejihifadhi ni jambo lililotajwa adhabu yake katika Suratun Nur, Aya ya 4, na laana yake katika Aya ya 23. Aya hazikubagua aliye hai na aliyekufa miaka elfu na mia mbili iliyopita. Katika fiqhi, warithi wa maiti wanayo haki ya kumdai aliyemsingizia.

Abbasa wa vitabu vya nasaba

Nani basi alikuwa Abbasa? Habari zake za yakini ni chache, lakini zipo. Alikuwa binti wa Khalifa al-Mahdi, aliyefariki mwaka 169. Ibn Qutayba anataja kuwa aliolewa na Muhammad bin Sulayman, wa nyumba ya Bani Abbas hiyo hiyo, aliyekuwa gavana wa Basra na mwenye mali nyingi mno, akafariki mwaka 173. Kisha akaolewa na Ibrahim bin Salih, naye ni wa ukoo wao, aliyefariki mwaka 176 akiwa gavana wa Misri. Hizi nazo zilikuwa ndoa za kupangwa, za mtoto wa ami na mtoto wa ami, zenye kuifunga nasaba na mali mahali pamoja. Hakuna aliyezitungia riwaya. Mwanamke aliyezika waume wawili katika miaka mitatu hakumvutia mtunzi kama alivyomvutia binti anayekutana na mpenzi wake gizani.

Katika Baghdad palikuwa na soko dogo lililoitwa kwa jina lake, Suwayqat al-Abbasa. Yaqut al-Hamawi amelitaja katika kamusi yake ya miji, akanakili kuwa hapo ndipo Harun alipofanya harusi yake na Zubayda mwaka 165, akiwa bado hajawa Khalifa. Jaafar hakutajwa hapo.